Wimbo wa Kuazima

Masomo ya juma hili: 1 Samweli 1:1 hadi 2:11, na Luka 1:39–56.

Mwaka wa 1962 Jim Reeves, mwimbaji wa muziki wa kantri mzaliwa wa Texas, alitoa albamu ya nyimbo za dini aliyoiita We Thank Thee. Nyingi kati ya nyimbo hizo hakuzitunga yeye. Zilikuwa zimeshaimbwa makanisani, kwenye mikutano ya injili na makaburini, na watunzi wake walikuwa watu wa kila namna. Mmoja, Albert Brumley, alianza kuuwaza wimbo wake akiwa kwenye shamba la pamba la babake kule Oklahoma. Mwingine, Adelaide Pollard, alikuwa ametamani kuja Afrika kuhubiri, michango ya safari ikakosekana, akatoka kwenye mkutano wa maombi na maneno ya kujitoa mikononi mwa mfinyanzi. Reeves alizichukua nyimbo za watu hawa, akasogea karibu na maiki, akashusha sauti, akaziimba taratibu bila kelele wala madoido. Miaka 2 baadaye, tarehe 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiirusha mwenyewe ilianguka karibu na Nashville wakati wa mvua kubwa. Alikuwa na umri wa miaka 40.

Wazee wetu wa Eastlands hawahitaji kuelezwa huyu ni nani. Tembea Majengo, Shauri Moyo, Kaloleni, hadi Jericho, utampata mtu anayemkumbuka baba yake akimsikiliza Jim Reeves redioni Jumapili asubuhi huku akipiga viatu rangi. Siku hizo redio ilikuwa Sauti ya Kenya, kabla haijawa KBC, na hata baadaye vipindi vya jioni kama Sundowner viliendelea kumpa nafasi. Kila Desemba zile nyimbo zake za Krismasi za mwaka wa 1963 hurudi madukani. Na kwenye matanga yetu, kijana aliyekodiwa pamoja na spika zake ana wimbo mmoja asioweza kuukosa, This World Is Not My Home, ambao Reeves aliuimba katika albamu hiyohiyo. Huupiga wakati turubai limeshafungwa, viti vya plastiki vimepangwa, na watu wanangoja gari litoke mochari. Hata waimbaji wetu wa hapa nyumbani, kama Elvis Otieno anayejulikana kwa jina la Sir Elvis, wamejijengea jina kwa kuziimba upya nyimbo za kantri za zamani, na hadhira huwaimbia nusu ya maneno.

Nimekuwa nikiuwaza muziki huu kwa sababu ya maswali mawili niliyoulizwa na watu wa kanisa letu. La kwanza lilitoka kwa kijana wa kwaya. Aliuliza, na aliuliza kwa heshima, kwa nini tunaendelea kuimba nyimbo za watu wengine, tena watu waliokufa zamani ng'ambo. “Pasta, si hiyo ni kuiga tu? Mungu hataki wimbo mpya?” La pili halikuwa swali hasa. Mama mmoja alinisubiri baada ya ibada, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba tangu afiwe hawezi kuomba. Akifumba macho, maneno yake mwenyewe hayaji. Kinachokuja ni mistari ya tenzi alizofundishwa na nyanya yake. Alitaka kujua kama hiyo ni maombi, au anajidanganya.

Kwangu mimi hayo ni swali moja, na ninataka kulijibu bila haraka, kwa sababu nimeona watu wakiacha kuomba kwa ajili ya jambo hilihili. Tumejengewa picha kwamba sala ya kweli lazima itungwe papo hapo na anayeomba, kwa maneno ambayo hayajawahi kutumiwa. Anayejua kusema anasifiwa kuwa na upako. Asiyejua kusema anakaa nyuma, anaitikia amina, na kidogo kidogo anaamini kwamba Mungu ni wa wenye ufasaha. Wengine humkumbusha hata methali, kwamba cha kuazima hakisitiri matako. Ni methali ya kweli kwa nguo. Kwa wimbo na kwa sala, Biblia inasema tofauti kabisa.

Tuanze na Hana. Alikuwa na mume aliyempenda na hakuwa na mtoto, na mke mwenzake alimchokoza mwaka baada ya mwaka walipokwea kwenda Shilo. Aliomba hekaluni midomo ikitikisika bila sauti, hata kuhani Eli akamdhania amelewa. Baadaye alimzaa Samweli, na alipomwachisha ziwa akampeleka kwa Bwana, akaimba. Wimbo wake ni mkubwa kuliko habari yake. Umejaa pinde za mashujaa zinazovunjika, wenye njaa wanaoshiba, maskini wanaoinuliwa kutoka mavumbini, na Mungu anayepima matendo ya watu.

Miaka mingi sana ikapita. Msichana wa Nazareti akapata habari kwamba atazaa, akapanda mbio hadi nchi ya milima ya Yuda, nyumbani kwa Elisabeti, jamaa yake. Akafungua kinywa kuimba. Soma Luka sura ya 1 ukiwa na 1 Samweli sura ya 2 kando yake, utaona mwenyewe. Wakuu wanashushwa, wanyonge wanainuliwa, wenye njaa wanashibishwa, na mwanamke asiye na cheo anashangaa kwamba Mungu amemtazama. Maria anaimba wimbo wa Hana. Ameugeuza hapa na pale, ameutia na maneno ya Zaburi, ameufupisha alipotaka, lakini mifupa ya wimbo ni ya Hana.

Angalieni jambo hili kwa makini, wapendwa, maana ndipo moyo wa tafakari yangu ulipo. Mateso ya wanawake hawa wawili hayakufanana hata kidogo. Hana alilia kwa kuwa hakuwa na mimba. Maria alikuwa hatarini kwa kuwa alikuwa nayo, naye hajachukuliwa bado na Yusufu. Mmoja alidharauliwa nyumbani kwa tumbo tupu, mwingine angeweza kuaibishwa kijijini kwa tumbo lililojaa. Hata hivyo wimbo uliotoka kwenye uchungu wa mmoja ulimtosha mwingine. Maria hakungoja apate maneno ya hali yake mwenyewe, ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuwa nayo kabla yake. Alichukua yaliyokuwapo.

Majengo tunaelewa habari hii kuliko mahali pengi. Hapa kwetu Pumwani kuna hospitali ya uzazi iliyoanza mwaka wa 1926, na nusu ya Nairobi wana mtu wa ukoo aliyezaliwa pale. Kila siku wanapita barabara hii Hana na Maria: mke aliyeolewa miaka mingi na bado anangoja, na msichana wa shule anayeficha tumbo chini ya sweta. Mtaa wenyewe ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilipoamua mahali pa Waafrika kukaa mjini, na wengi kati ya wenye nyumba wa kwanza walikuwa wanawake waliojitegemea. Walijenga nyumba za Kiswahili, vyumba pande mbili na ukumbi katikati, wakapangisha. Wengine hawakuwa na watoto wa kuwazaa, wakalea wa wengine. Ninapousoma wimbo wa Hana nawaona wanawake hao.

Maria hayuko peke yake. Zaburi ya 108 imeundwa kwa kuunganisha kipande cha Zaburi ya 57 na kipande cha Zaburi ya 60. Maneno yaliyoandikwa juu ya ile ya kwanza yanaihusisha na Daudi akimkimbia Sauli pangoni, na ile ya pili na vita. Mtu fulani alizipata baadaye, akaona zinaweza kuimbwa pamoja, na Israeli wakaipokea kama zaburi kamili yenye nambari yake. Katika 1 Mambo ya Nyakati sura ya 16, siku sanduku la agano lilipoletwa Yerusalemu, wimbo ulioimbwa na Asafu na ndugu zake umeshonwa kutoka zaburi zaidi ya moja. Na Bwana wetu msalabani, pumzi ikimwishia, hakutunga sala. Alilia kwa maneno yanayofungua Zaburi ya 22, na alipoikabidhi roho yake alichukua maneno ya Zaburi ya 31. Mwana wa Mungu, aliye Neno, aliazima maneno saa ya kufa kwake. Basi yule mama aliyenisubiri mlangoni asione haya.

Kijana wangu wa kwaya atasema hao walikuwa Waisraeli wakiimba nyimbo za Waisraeli wenzao, nasi tunaimba za Wamarekani. Hapo nitamrudisha kwenye albamu ya Reeves, na hasa kwenye wimbo mmoja uliomo, Take My Hand, Precious Lord.

Aliyeutunga ni Thomas A. Dorsey, mtu mweusi, mwana wa mhubiri, aliyezaliwa Georgia mwaka wa 1899. Ujanani alipiga piano kwenye kumbi za blues, akafuatana na Ma Rainey, akajulikana kama Georgia Tom. Baadaye aliyaweka maisha yake kanisani Chicago na kuandika nyimbo za injili. Agosti 1932 alisafiri kwenda St. Louis kuimba kwenye mkutano wa uamsho, akimwacha mkewe, Nettie, mjamzito wa siku za mwisho. Akiwa huko akaletewa simu ya maandishi kwamba mkewe amefariki akijifungua. Alirudi Chicago akamkuta mtoto wa kiume, mzima. Muda si muda mtoto naye akafa. Dorsey aliwazika mama na mtoto katika jeneza moja.

Alisema baadaye kwamba siku hizo alitaka kuachana na injili, arudi kwenye muziki aliokuwa ameuacha. Rafiki yake, Theodore Frye, alikaa naye. Siku chache baada ya mazishi aliachwa kwenye chumba chenye piano, akaanza kugusa vitufe bila kujua anatafuta nini. Vidole vikaangukia kwenye sauti ya zamani, ya wimbo wa kanisa wa karne ya 19 unaohusishwa na mwanamuziki wa Kimarekani, George N. Allen. Juu ya sauti hiyo maneno yakaja, ya mtu aliyechoka anayeomba kushikwa mkono na kuongozwa hadi nyumbani. Mnaona alivyofanya? Hata huyu, aliyetunga wimbo ambao dunia nzima imeuazima, aliuanza kwa kuazima. Uchungu wake ulikuwa mpya na wa kwake peke yake, lakini hakuwa na nguvu ya kuutungia na sauti. Akapanda juu ya mabega ya mtu aliyekufa zamani.

Wimbo ukatoka hapo ukasafiri. Mahalia Jackson aliuimba. Martin Luther King aliupenda kuliko nyimbo nyingi. Jioni ya tarehe 4 Aprili 1968, akiwa ameegemea roshani ya hoteli Memphis, alimwomba mwanamuziki Ben Branch aupige vizuri kwenye mkutano wa usiku ule, na muda mfupi baadaye risasi ikampata. Mahalia Jackson akauimba mazishini kwake. Kabla ya hapo, mwaka wa 1962, Reeves alikuwa ameutia katika albamu yake. Tukumbuke ulikuwa wakati gani. Reeves alikuwa mzungu wa kusini mwa Marekani, na kule weusi na weupe walikuwa bado wanaabudu katika majengo tofauti. Wengi waliomsikiliza wasingekaa benchi moja na Dorsey. Lakini machozi ya mjane yule wa kiume wa Chicago yaliingia nyumbani mwao kwa sauti ya mtu wao, na wao wakayaimba kama yao. Sisemi kwamba wimbo uliwatakasa ubaguzi wao, kwa sababu haikuwa hivyo. Nasema tu kwamba huzuni ya mtu waliyemfungia mlango ilikuwa imeshaketi sebuleni mwao.

Na ukafika kwetu. Uliletwa na santuri na redio, ukatafsiriwa, ukaingia katika pambio na kwenye mikesha yetu. Hapa Kenya nyimbo za kantri hazikukuta watu mikono mitupu. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwakuta wasichana wa Kipsigis wakimwimba mtu waliyemwita Chemirocha. Alikuwa ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka wa 1933. Santuri zake zilikuwa zimewafikia, wakamvika umbo la kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swala, na kumtilia wimbo wa kwao wenyewe. Hiyo si kuiga. Mtu anayeiga hutaka afanane na mwenye wimbo. Wale wasichana walimchukua mwenye wimbo wakamfanya afanane nao.

Nisimulie jambo moja la hapa kwetu, nikiacha majina.

Dada mmoja wa ushirika wetu alijifungua, mtoto akaishi usiku mmoja. Alizikwa kesho yake, na waliokwenda makaburini walihesabika kwa vidole. Mnajua desturi yetu. Kwa mtoto mchanga hakuna turubai, hakuna spika, hakuna mchango wa jioni. Watu husema, bado kijana, atapata mwingine, na kufikia siku ya tatu jambo hilo halitajwi tena. Nilikwenda kumwona siku ya nne. Nyumba yenyewe ni zile za zamani za Majengo. Nilipewa kigoda ukumbini, kwa kuwa ndani ya chumba shangazi yake alikuwa akimfunga matiti kwa leso. Maziwa yalikuwa yamekuja, na hayakuwa na wa kuyanywa. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nje ya chumba cha mbele mama jirani, Mwislamu, alikuwa amechochea jiko na kumkorogea uji, na aliponiona akaizima redio yake bila kuambiwa.

Nilikuwa nimekuja na somo. Nililifunga. Kutoka nyuma ya pazia nilimsikia shangazi akivuta leso na kuifunga, akivuta na kuifunga, na huku akiimba kwa Kiswahili ule wimbo wa kushikwa mkono. Hakuwa akimwimbia mtu. Aliimba jinsi mtu anavyoimba akifua. Yule dada alikuwa hajasema neno tangu makaburini, hivyo ndivyo walivyoniambia. Shangazi alipofika ubeti wa pili nilisikia sauti nyingine chini ya yake, imekauka, inachelewa nusu neno nyuma. Waliimba hadi mwisho, wakarudia. Mama wa uji alisimama na mwiko mkononi hadi walipomaliza.

Shangazi yule hamjui Thomas Dorsey. Ninaamini hata Jim Reeves kwake ni jina la redioni tu. Alipewa wimbo ule na mtu aliyepewa na mtu. Lakini maneno aliyomlisha mpwa wake yalitoka kwa baba aliyezika mkewe na mtoto wake mchanga, yakapita Chicago na Nashville, kwenye mawimbi ya redio na kwenye vinywa vya wazee wetu, hadi chumba kimoja cha Pumwani ambako mama alikuwa amezika mtoto wake mchanga. Hakuna aliyeyatuma huko kwa makusudi. Paulo anawaambia Warumi, katika sura ya 8, kwamba tusipojua kuomba ipasavyo Roho mwenyewe hutusaidia na kutuombea. Zamani nilifikiri kazi hiyo ya Roho hufanyika kimya, ndani ya moyo. Tangu siku ile ninaamini anayo na njia nyingine, na kwamba mara nyingi hupitia kwa shangazi.

Kwa hiyo namwambia yule mama aliyenisubiri mlangoni: endelea. Omba kwa tenzi. Ukiweza mstari mmoja tu, omba huo huo asubuhi na jioni. Usijilazimishe kutunga. Hana ameshakutungia, Daudi ameshakutungia, na wengine ambao majina yao hatukuyajua wameshalia mahali unapolia. Siku maneno yako yatakaporudi, utayatumia. Yasiporudi, Mungu hakuwahi kumnyima mtu kwa kuwa sala yake ilikuwa ya mwingine.

Na wewe kijana wa kwaya, wimbo mpya ninautaka pia. Zaburi zinauagiza zaidi ya mara moja, na ninajua daftari lako lina nyimbo. Leta. Lakini angalia kwamba Maria ndiye aliyeimba wimbo mpya kuliko wote katika Agano Jipya, na aliutengeneza kwa mbao za Hana. Anayezijua nyimbo za waliomtangulia hutunga vizuri zaidi, kwa sababu anajua uchungu gani umeshasemwa na upi bado haujapata msemaji.

Nina neno moja zaidi kwa kwaya nzima, na hili ni la haki. Kuazima si kupokonya. Tunapoimba wimbo wa mtu ibadani, tumtaje. Tunapourekodi na kuuweka mtandaoni, tuandike jina la mtunzi, tuombe ruhusa inapohitajika na tulipe kinachotakiwa. Afrika Mashariki tunajua kidonda hiki. Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William miaka ya mwanzo ya 1960, umeimbwa na Miriam Makeba, na Boney M, na wengine wengi duniani, lakini mabishano ya nani aliutunga na nani alistahili malipo yalimfuata Fadhili hadi alipofariki mwaka wa 2001. Adam Salim naye alidai ni wake. Sina uwezo wa kuamua kati yao. Ninachojua ni kwamba Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, haitaki ujira wa kibarua ulale kwa tajiri wake hata usiku mmoja, na mtunzi wa wimbo ni kibarua. Dorsey mwenyewe alilijua hilo mapema. Alifungua duka lake la kuchapisha nyimbo Chicago, akauza karatasi za nyimbo zake kwa jina lake, ili wanaoimba wajue zimetoka kwa nani.

Jumatano hii, kwenye ibada ya jioni, tutasoma wimbo wa Hana na wimbo wa Maria, wasomaji wawili, mstari kwa mstari. Naomba mmoja awe mama mtu mzima na mwingine msichana wa shule. Baada ya hapo kwaya itaimba wimbo wa Dorsey kwa Kiswahili, na mwimbishaji atamtaja mtunzi kabla ya kuanza.

Kisha tutafanya jambo ambalo hatujawahi kulifanya hapa. Tutawakumbuka watoto waliozaliwa wakafa, na waliokufa kabla ya kuzaliwa, ambao hatukuwawekea turubai. Anayetaka jina la mtoto wake lisomwe ampe mmoja wa wamama wazee wa kanisa, limeandikwa kwenye karatasi. Ikiwa mtoto hakupewa jina, andikeni tarehe, au mwezi tu kama tarehe imesahaulika. Kina baba nao wanaweza kuandika. Majirani wetu Waislamu wanakaribishwa, na nitawaeleza mwenyewe kwamba hawatatakiwa kuimba. Asiyetaka kuandika chochote aje tu aketi. Ibada inaanza saa kumi na mbili jioni, na mlango wa nyuma utaachwa wazi kwa atakayehitaji kutoka nje kidogo.